Mate ya Wizara

Wizara ya Watu na Viumbe Hai inautangazia umma kwamba swali lililowasumbua binadamu tangu walipoanza kutengeneza viti, yaani kwa nini wengine hukaa na wengine husimama, sasa litajibiwa kisayansi. Jibu limo katika damu. Umma unaombwa kuwa na subira wakati damu hiyo inatafutwa, na uendelee kusimama.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye lango la wizara siku ya Jumatatu. Aliyeliandika, kisha akalisoma tena na tena akiwa peke yake ofisini mlango umefungwa, ni Mkurugenzi wa Vipaji vya Kurithi. Kabla ya hapo alikuwa Mkurugenzi wa Magugu. Ofisi ilikuwa ileile na kiti kilekile, kilichobadilika ni kibao cha mlangoni. Wapo wakorofi waliouliza mtaalamu wa magugu amejulia wapi mambo ya vinasaba, lakini hao ni watu wa kubisha tu. Vyote viwili huota bila kupandwa.

Ukitaka kumwelewa Mkurugenzi, lazima kwanza umjue Junia. Junia alikuwa mwanawe wa pekee, kijana wa miaka thelathini na ushee, mrefu, mpole, mwenye kucha safi. Aliwahi kufanya kazi siku moja tu maishani, dukani kwa mjomba wake, akaondoka kabla ya mchana kwa sababu wateja walikuwa wanamuuliza maswali. Na baba mtu alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka. Usiku alikuwa akikosa usingizi, akijiona yeye na Junia wamekaa kwenye kochi moja, bila gari, bila simu ya mezani, wakigombania rimoti. Alimpenda mtoto huyo kuliko alivyokipenda cheo, na cheo alikipenda sana. Alitaka kabla ya kurudisha funguo za ofisi amwone Junia yumo serikalini kwa njia halali. Kwa kuwa njia halali zilizokuwepo zote zilikuwa na usaili, aliona ni busara kutengeneza nyingine.

"Mama Junia," alimwambia mkewe jikoni, "mtoto wa twiga anazaliwa na shingo yake. Hafanyiwi usaili."

"Shingo ya Junia mimi naiona ya kawaida tu," mkewe akasema, akaendelea kuchambua mchele.

"Ni mfano huo. Nasema mtoto wa kiongozi anazaliwa nao uongozi. Umo humu." Akajigonga kifua. "Sayansi ikishathibitisha, nani atafungua mdomo?"

"Na sayansi isipothibitisha?"

"Sayansi iko chini ya wizara yetu," akasema Mkurugenzi, akaenda kulala.

Mbinu iliyopitishwa ilikuwa ya uhakika kabisa. Badala ya kuhangaika kutafuta kinasaba cha uongozi kwa mamilioni ya watu, wengi wao wasioeleweka, wizara ingechukua mate ya viongozi wake wenyewe na kutazama wote wana kitu gani kinachofanana. Hicho kitakachoonekana ndicho kingeitwa uongozi. Mtaalamu wa maabara, dada mmoja wa miwani aliyekuwa na bidii ya kupitiliza, aliuliza itakuwaje kama kitakachoonekana kwa wote ni mafua. Akajibiwa kwamba swali lake limepokelewa.

Siku ya kutoa mate ikapangwa iwe ya kikao cha robo mwaka, ili viongozi wapatikane wakiwa wamekaa. Kila mmoja aliwekewa mbele yake kichupa chenye jina lake na kiapo cha kutia sahihi: nathibitisha kwamba mate haya nimeyatema mwenyewe, na nikibainika kudanganya nitafungwa jela. Jela ilikuwa wazo la Mkurugenzi. Aliona karatasi isiyo na jela ndani yake haifanani na karatasi ya serikali.

Yakajitokeza matatizo mawili. La kwanza lilikuwa la heshima, maana haijawahi kuonekana Waziri akitema kitu mbele ya walio chini yake. La pili lilikuwa la kibaiolojia. Maelekezo ya maabara yalisema anayetema asiwe amekula wala kunywa kitu kwa nusu saa, na hakuna aliyekumbuka lini kikao cha wizara kiliwahi kupita nusu saa bila chai na keki.

Waziri alikitazama kichupa chake, akafuta makombo midomoni, akatia sahihi kwenye kiapo, akakisukuma kichupa kwa Katibu Mkuu. "Nishughulikie hili," akasema.

Katibu Mkuu akatia sahihi, akavisukuma viwili kwa Mkurugenzi wa Mipango. Naye Mkurugenzi wa Mipango, mama mwenye sauti nzito na vikuku vizito zaidi, akasukuma vitatu. Vichupa vikashuka na meza kama mambo mengine yote yanavyoshuka na meza, mpaka vikamfikia Mkurugenzi wa Vipaji vya Kurithi aliyekaa mwisho, karibu na mlango. Akaongeza cha kwake, akamwita katibu muhtasi wake aje na trei. "Hivi vijazwe kabla ya saa kumi," akasema, akarudi kwenye keki.

Katibu muhtasi mwenyewe alikuwa amekwisha kunywa chai, maana ndiye aliyeiandaa. Walinzi walikunywa. Mfagizi alikunywa, na mtunza bustani alipewa kipande cha keki dirishani. Ila madereva hawakupata kitu, kwa sababu kifungu cha vitafunio hakikuwataja, na kwa hasira walikuwa wametawanyika kwenda kujitafutia chakula. Kwenye benchi la maegesho alibaki mmoja tu wa kulinda magari, dereva wa Mkurugenzi, aliyeitwa Honi kwa sababu hajawahi kuipiga.

"Honi, umekula?" katibu muhtasi akamuuliza.

"Sijala, dada. Tangu asubuhi." Honi akainuka kwa matumaini.

"Hujanywa chochote?"

"Hata maji."

"Vizuri sana. Basi usile." Akamkabidhi trei. "Jaza hivi mate mpaka kwenye mstari."

Honi akavitazama vile vichupa, vimejaa trei nzima. "Mate ya nani?"

"Ya wizara. Wewe unatema kwa niaba."

Honi hakuona ajabu. Katika utumishi wake aliwahi kupanga foleni kwa niaba, kuhudhuria mahafali kwa niaba, na mara moja alisimama kwenye mazishi ya mtu asiyemjua akalia kwa niaba, tena vizuri, mpaka wafiwa wakambembeleza. Akaanza kutema. Alipofika kichupa cha tisa kinywa kikakauka, akaomba chai kidogo. Akaambiwa chai itaharibu sampuli. Katibu muhtasi, mama mwenye huruma, akamkatia limau na kumwekea mbele yake alitazame. Akalitazama mchana kutwa, na kabla ya saa kumi mate ya wizara yalikuwa yametimia.

Matokeo yalisomwa kwenye kikao kilichofuata. Dada wa maabara alisimama na makaratasi yake, uso umemkunjamana.

"Waheshimiwa, matokeo yapo, ila nadhani kuna tatizo. Sampuli zote zinafanana."

"Zinafanana kiasi gani?" Waziri akauliza.

"Mia kwa mia. Hakuna hata moja iliyotofautiana na nyingine. Kibaiolojia hii ina maana moja tu, mheshimiwa. Huyu ni mtu mmoja."

Mkurugenzi alisimama taratibu. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na hayakuwa ya kuigiza. "Mheshimiwa Waziri, umesikia kwa masikio yako. Miaka yote tumehubiri mshikamano, watu wakatucheka. Leo sayansi yenyewe imekiri kwamba sisi ni mtu mmoja."

Ukumbi ukapiga makofi.

"Sikuwa na maana hiyo," dada wa maabara akasema.

"Maana ndiyo hiyo, ila hukuipangia maneno," Mkurugenzi akasema.

"Basi nielezeni hili. Mkurugenzi wa Mipango ni mama. Kwenye sampuli yake anaonekana mwanamume."

Watu wote wakamgeukia Mkurugenzi wa Mipango. Yeye akajiweka sawa kwenye kiti, vikuku vikalia. "Hilo nimekuwa nikiwaambia miaka yote," akasema, na ikaingizwa kwenye muhtasari.

Mkurugenzi alipitiwa na kitu kama kumbukumbu ya trei. Hakikukaa. Mambo ya trei si ya ngazi yake, na kichwa chake kilikwisha hamia kwa Junia, akimwona ndani ya suti, amekaa, anatia sahihi. Wiki hiyohiyo dada wa maabara alipongezwa kwa ugunduzi wake na kuhamishiwa Idara ya Magugu, kituo cha mbali, ambako hakuna umeme wa kuendeshea hadubini.

Kanuni ikatungwa haraka kuliko kanuni yoyote iliyowahi kutungwa pale. Kuanzia mwezi unaofuata, mtu hatashika wadhifa wa uongozi wizarani mpaka mashine ya langoni ipime mate yake na kumkuta na vinasaba vilivyogunduliwa. Atakayekutwa navyo hatafanyiwa usaili, na atakayekosa hatavuka lango hata kama amesahau koti ndani. Waziri alitaka vinasaba vilingane vyote. Mkurugenzi akaomba, kwa unyenyekevu, nusu iruhusiwe, maana mtoto huchukua nusu kwa baba na nusu kwa mama. Wenzake nao walikuwa na watoto kwenye makochi, na hoja ilieleweka kabla hajaimaliza.

Siku ya uzinduzi lilifungwa hema nje ya lango, bendi ikaja, waandishi wa habari wakaja, familia zikaja zimependeza. Ili kuonyesha kwamba uongozi una kesho, Mkurugenzi alipanga vijana wapimwe mwanzo, na miongoni mwa vijana alipanga Junia awe wa kwanza. Suti ilikuwa mpya. Kiti cha Mkurugenzi Msaidizi kilikwisha futwa vumbi. Mashine ilikuwa nyeupe, ina kikombe kidogo cha kutemea, na ilizungumza kwa sauti ya kike yenye adabu.

Junia akatema.

"Samahani," mashine ikasema. "Huna."

"Rudia, mwanangu," Mkurugenzi akasema. "Tema kwa kujiamini."

Junia akatema kwa kujiamini.

"Samahani. Huna."

Bendi ikanyamaza chombo kimoja kimoja. Chini ya hema, wake za wakubwa wakaanza kumtazama Mama Junia kuanzia viatu kwenda juu, bila haraka. Na Mkurugenzi naye, aibu iliyoje, mume wa ndoa ya miaka yote hiyo, aligeuka akamtazama.

"Usinitazame mimi, Baba Junia," mkewe akasema. "Tema na wewe."

Asingeweza kukataa mbele ya kamera. Akatema.

"Samahani. Huna."

"Haya, sasa nani amtazame nani?" akauliza Mama Junia, akafungua pochi kutafuta leso. Wake za wakubwa wakapata ghafla hamu kubwa ya kuangalia hema lilivyofungwa.

Katibu Mkuu akasukumwa mbele kuokoa jahazi. Hana. Waziri, aliyesema mashine inahitaji mate mazito, akatema mazito. Hana. Mkurugenzi wa Mipango aliambiwa mara tatu kwa sababu hakukubali kuambiwa. Fundi akaitwa, akafungua mashine, akaifunga, akasema haina ubovu wowote, imekosa tu mtu mwenyewe. Na walinzi, ambao walikuwa wameapishwa kuifuata kanuni hiyo bila kuangalia sura ya mtu, wakafunga lango huku wizara nzima ikiwa nje.

Waziri akaona aibu hii dawa yake ni kuondoka. Akaagiza gari lolote lililo karibu. Lililokuwa karibu ni la Mkurugenzi, liko nje, lakini funguo zake zilikuwa zimebaki ndani. Honi akatumwa akazichukue.

"Hapiti mtu bila kutema," mlinzi akasema.

Honi, ambaye kutema kwake lilikuwa jambo la kawaida sasa, akatema.

Mashine ikapima. Kisha ikasema, "Karibu, kiongozi. Vinasaba kamili." Lango likafunguka lenyewe, na walinzi wakapiga saluti.

Mkurugenzi aliikumbuka trei. Akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka alipomfikia katibu muhtasi wake nyuma ya hema. "Vile vichupa," akanong'ona, "ulimpa nani?"

"Nilimpa ambaye alikuwa hajala," katibu muhtasi akasema.

Wakubwa wakakusanyana nyuma ya ngoma za bendi. "Basi semeni ukweli," Waziri akanong'ona. "Semeni mate hayakuwa yetu, kanuni ifutwe, twende nyumbani."

"Mheshimiwa, kila mmoja wetu alitia sahihi kwamba ametema mwenyewe," Mkurugenzi akasema.

"Na adhabu yake?"

"Miaka mitano jela."

"Nani mpumbavu aliyeweka mitano?"

Mkurugenzi akatazama viatu vyake. "Mimi niliweka mitatu, mheshimiwa. Ikarudi kutoka kwako imeongezwa."

Waziri ndiye aliyeanza kupiga makofi, wengine wakafuata, na bendi kwa kuona makofi ikapiga wimbo. Magazeti yakaandika kwamba viongozi wa wizara, kwa uungwana usio na mfano, wamempisha mwenye damu halisi.

Honi akakaimu viti vyote kwa pamoja. Alikuwa anavizungukia asubuhi hadi jioni, akikaa kidogo kwenye kila kimoja ili kanuni isivunjwe. Kwa kuwa kikao kinahitaji zaidi ya mtu mmoja, wizara ilikaa muda mrefu bila kikao, na umma haukugundua. Watu waliokuwa wakingoja vibali kwa miaka waliitwa na kupewa, wengine wakavikataa kwa hofu kwamba ni mtego. Baada ya hapo watoto wa Honi walipimwa wakakutwa na nusu, na mama yake mzazi vilevile, ajuza mkali aliyepewa Mipango na kutaka kujua siku ya kwanza kwa nini ina wafanyakazi wengi hivyo.

Mkurugenzi alijifungia nyumbani mpaka mkewe akachoka kumruka kwenye kochi. Kisha akavaa suti, akamchukua Junia, akaenda. Ofisi za leseni na malalamiko zilikuwa nje ya lango, hivyo Honi alitoka kuwapokea huko. Alisimama alipomwona bosi wake wa zamani, akamvutia kiti.

"Karibu, mzee. Kaa. Mama hajambo?"

Mkurugenzi alikuwa ameandaa hotuba njia nzima, yenye vifungu. Haikutoka. "Nimekuja kwa ajili ya huyu kijana," akasema, na sauti ikamkatika. "Mimi nimekwisha, sitaki kitu. Nilitaka tu yeye apate mahali. Hayo mengine yote niliyafanya kwa ajili hiyo." Hakuwahi kumwomba mtu maishani, na sasa alikuwa anaomba hata mikono haijui pa kukaa.

"Najua, mzee," Honi akasema. "Nimekuendesha miaka yote hiyo. Simu zako zote kwenye gari zilikuwa za Junia." Akafikiri. "Uongozi siwezi, kanuni imenifunga mikono. Lakini kwenye udereva hakuna mate. Kijana, una leseni?"

"Ninayo," Junia akasema.

Baba yake akageuka. "Uliipata wapi?"

"Nilifanya mtihani, baba. Nilikwambia. Ulikuwa kwenye kikao."

Honi akampeleka uani, akampa gari lilelile la Mkurugenzi, akamwambia azunguke, arudi kinyumenyume, aliegeshe kati ya mapipa mawili. Junia akafanya bila kugusa pipa. Akarudi amenyooka, meno yote nje, akiuliza maswali yeye: mafuta yanawekwa wapi, safari inaandikwa wapi, tairi la akiba liko wapi. Mkurugenzi hakuwa amewahi kuuona uso ule wa mtoto wake. Junia alikuwa yumo serikalini, tena kwa njia halali.

Alasiri hiyohiyo Junia akapewa kazi ya kwanza, kupeleka barua upande wa mjini, njia ya kwao. Mkurugenzi akatembea mpaka kwenye gari, akasimama kwenye mlango wa nyuma kushoto, akangoja ufunguliwe. Haukufunguliwa. Kioo cha mbele kikashuka.

"Baba, siwezi kukubeba," Junia akasema.

"Huwezi kwa nini? Si unapita nyumbani?"

"Gari la serikali halibebi asiye mtumishi. Nimekatazwa."

"Nani aliyekukataza? Honi?"

"Hapana, baba. Yeye alisema nikubebe tu." Junia akaonyesha kibandiko kilichochakaa kwenye dashibodi. "Kilikuwa humu. Kina sahihi yako." Hakusema kwa kejeli. Alisema kwa heshima ya mtu anayeanza kazi na hataki kuharibu siku ya kwanza, na kioo kikapanda. Mkurugenzi akarudi nyuma kupisha. Junia akafunga mkanda, akatazama kulia, akatazama kushoto, akawasha indiketa, akaingia barabarani vizuri kabisa.